Akina Mama wa Chamba na Kitambaa Kisicho na Upande wa Nyuma

Kaskazini kabisa mwa India, katika jimbo la Himachal Pradesh, iko wilaya ya milima iitwayo Chamba. Msomaji wa Kiswahili atakayelisikia jina hili kwa mara ya kwanza atatabasamu. Nasi tulitabasamu, na mmoja wetu alikataa katakata kulitamka mbele ya mchungaji siku ya kuaga. Lakini huko kwao ni jina la heshima. Wenyeji husimulia kwamba yapata mwaka 920 mfalme wao, Raja Sahil Varman, alikaa Bharmour, juu zaidi milimani. Binti yake, Champavati, ndiye aliyependezwa na mahali palipo tambarare juu ya mto Ravi, akamwomba baba yake ajenge mji pale. Mji ukajengwa, ukaitwa kwa jina la binti.

Tulikuwa akina mama wanne wa ushirika mmoja: wauguzi wawili, mwalimu wa shule ya msingi na fundi cherehani. Mwenyeji wetu alikuwa dada muuguzi wa Kihindi tuliyefanya naye kazi zamani katika hospitali ya misheni kwetu, ambaye baadaye aliolewa huko Chamba. Kwa miaka mingi alituandikia kwamba kama tunataka kuiona India isiyo ya maghorofa, tuje kwake wakati wa sikukuu ya Minjar. Mwishoni mwa Julai 2024 tulikwenda.

Kutoka Delhi tulipanda treni ya usiku hadi Pathankot, ambako reli kubwa inaishia kwa mtu aendaye Chamba. Kutoka pale ni gari, kilomita zipatazo 120. Usidanganywe na hesabu hiyo, mama. Julai ni mwezi wa mvua zao kubwa, na barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, huku mwamba, kule korongo. Mara mbili tulisimama kungoja mawe yaliyoporomoka yaondolewe. Mwenye kuchafukwa na roho garini asile mandazi ya kituoni Pathankot, hata kama yananukia vizuri namna gani. Mwalimu wetu alikula matatu.

Kadiri tulivyopanda ndivyo joto lilivyotuacha, na miti ikabadilika. Dereva alituonyesha miti mirefu yenye matawi yaliyotandaa kama mikeka, akaiita deodar. Hii ni mierezi, ndugu ya ile mierezi ya Lebanoni tunayoisoma katika habari za hekalu la Sulemani. Sote tumeimba na kusoma habari za mierezi tangu utoto, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuuona. Tulimwomba dereva asimame, tukaokota koni moja kila mtu.

Wilaya nzima ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 6,500, na sensa ya 2011 ilihesabu watu wapatao 519,000. Mji wenyewe ni mdogo, umekaa kwenye kimo cha mita 1,000 hivi, nyumba zimepandana mlimani, na katikati upo uwanja mrefu wa majani uitwao Chaugan, ambako watoto hucheza na wazee huketi jioni. Ni pazuri, lakini maisha si mepesi. Mwaka 2018 serikali ya India ilipoorodhesha wilaya zilizobaki nyuma kimaendeleo ili zisaidiwe, Chamba ndiyo pekee ya Himachal Pradesh iliyowekwa. Njiani tuliwaona akina mama wakishuka miteremko na mizigo ya majani ya ng'ombe mgongoni, mikubwa kuliko wao. Sisi wauguzi hatuwezi kuangalia mgongo wa namna hiyo bila kuwaza maumivu ya usiku.

Sasa tuje kwenye kitambaa, kwa sababu ndicho kilichotupeleka.

Wenyeji hukiita rumal, neno lenye maana ya leso tu. Lakini rumal ya Chamba si ya kufutia jasho. Ni kipande cha mraba cha melimeli nyeupe, au cha pamba iliyosokotwa kwa mkono, kilichodariziwa kwa nyuzi za hariri zisizosokotwa, ambazo hulala juu ya kitambaa laini kama rangi ya brashi. Zamani kilitumika kufunika sinia za zawadi zilizopelekwa kati ya nyumba ya bibi harusi na ya bwana harusi, na sadaka zilizopelekwa hekaluni. Nyumba isingetuma zawadi wazi wazi, kama vile bibi zetu wasivyopeleka chakula kwa wakwe bila kukifunika kawa. Picha zake ni za maharusi, za uwindaji, za wanaocheza mchezo wao wa dadu, na mara nyingi za mungu wao Krishna akicheza ngoma na wanawake wachunga ng'ombe, wamemzunguka duara.

Ajabu yake ni kwamba kitambaa hiki hakina upande wa nyuma. Kina mama wote wanaodarizi foronya na vitambaa vya meza wanajua siri ya kazi yetu: mbele maua, nyuma mafundo, nyuzi zilizorukana, na mahali tulipokosea tukafunika. Mgeni akigeuza, tunamnyang'anya. Rumal ya Chamba ukiigeuza unaona picha ile ile, kwa rangi zile zile, bila fundo hata moja. Wao huita do-rukha, yaani ya nyuso mbili. Sindano huenda mbele na kurudi nyuma kwa hesabu, ikijaza pande zote mbili pamoja, na mwanzo wa uzi hauna fundo, bali hufichwa chini ya mishono inayofuata.

Fundi wetu alipoonyeshwa mara ya kwanza hakusema neno. Alikigeuza, akakigeuza tena, akakiinua mbele ya dirisha kutafuta fundo, akavaa miwani akatafuta upya. Kisha akakiweka chini polepole, akafuta mikono yake kwenye gauni kana kwamba ilikuwa na unga.

Katika Makumbusho ya Bhuri Singh, yaliyofunguliwa mwaka 1908, tuliona rumal za zamani. Sanaa hii ilistawi sana katika karne ya 17 na ya 18, chini ya wafalme wa milimani waliopenda wachoraji. Mchoraji wa ikulu, aliye mwanamume, alichora mistari kwa mkaa au brashi juu ya kitambaa na kushauri rangi, kisha wanawake wakakaa na sindano. Rumal ya Chamba ipo hata London, katika Makumbusho ya Victoria na Albert. Inasemekana Raja Gopal Singh aliitoa kwa Waingereza mwaka 1883. Jina la Raja limehifadhiwa. Jina la mama aliyeidarizi hatukulipata popote.

Baada ya uhuru wa India utawala wa kifalme ulikwisha, na mwaka 1948 Chamba iliingizwa katika Himachal Pradesh. Ikulu ilipoacha kununua, kazi ilidorora. Watu wakatumia uzi wowote na michoro ya haraka. Ilihuishwa taratibu. Katika miaka ya 1990 shirika la Delhi Crafts Council lilianza kuwapa wadarizi kazi ya kunakili rumal za kale zilizo katika makumbusho, ili mkono ukumbuke tena. Mwenyeji mmoja, Bibi Lalita Vakil, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwafundisha wasichana na akina mama wa Chamba kazi hii, na mwaka 2022 serikali ilimtunuku nishani ya Padma Shri, ambayo ni miongoni mwa nishani kubwa za raia nchini humo. Tangu mwaka 2007 jina la rumal ya Chamba linalindwa na sheria, kwamba mtu wa mahali pengine asiuze chake kwa jina hilo.

Lakini sheria ya jina haijazi chungu. Dada mwenyeji alitupeleka kwa jirani yake, mama wa watoto watatu, anayedarizi kwa kuagizwa. Alikuwa na kipande kimoja kwenye fremu, hakifikii mita moja, na alikuwa amekianza kabla ya theluji za majira yaliyopita. Hufanya kazi asubuhi watoto wakienda shule, na tena saa za alasiri mpaka mwanga unapoondoka dirishani. Usiku hagusi, kwa sababu rangi hudanganya chini ya taa. Tukauliza bei. Alipoitaja, mwalimu wetu alishika kifua: kwetu ingenunua mbuzi wanne wakubwa.

"Hebu nipeni kalamu," alisema fundi wetu. Akahesabu mishono katika jani moja dogo, akazidisha kwa majani ya tawi, matawi ya pembeni, mavazi ya wachezaji, mashanga ya shingoni. Akaandika miezi, akaandika saa za siku. Akagawa. Kisha akatuonyesha karatasi: kwa saa moja mama yule alipata pungufu ya kile ambacho yeye fundi humlipa binti anayemfungia vifungo. Na kuna mfanyabiashara katikati, ambaye naye hula.

Mama jirani alicheka aliposikia tafsiri. Akasema kwamba yeye anajua hesabu hiyo, lakini fremu haimtoi nyumbani, ada za shule hulipwa kwayo, na pesa hiyo haimwombi mtu. Binti yake mkubwa, wa miaka 15, alikuwa ameketi mlangoni na vitabu vya sayansi. Tukamuuliza kama naye anadarizi. Akajibu kwamba anajua, mama amemfundisha, lakini anataka kuwa famasia. Mama yake alimtazama kwa macho ambayo mzazi yeyote atayafahamu: fahari, na kitu kingine pembeni ya fahari. Kwenye vibanda vya mjini tuliona vitambaa vya mashine, maua makubwa yenye kung'aa, vikiuzwa kwa bei ya soda chache. Wanunuzi walikuwa wengi huko.

Tuseme jambo moja la kiuguzi hapa. Tulimwona mama yule akisogeza kazi mbali, kisha karibu, kisha akikunja uso. Alikuwa amepita miaka 40. Katika umri huo lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake kwa watu wote, na vitu vya karibu huanza kufifia; si ugonjwa wala si laana ya kushona sana. Miwani ya kusomea humaliza shida hiyo. Mwenzetu muuguzi alimpa ya kwake ajaribu. Alichoma sindano mara tatu, akapaza sauti akimwita mumewe aje aone. Miwani ile haikurudi Tanzania. Dada msomaji, kama nawe unasogeza Biblia mbali ili usome, usingoje hadi mkono uwe mfupi. Na kila baada ya dakika ishirini hivi za kushona, inua uso utazame mbali kidogo, dirishani.

Baada ya uzi ni maji. Chamba huwezi kuyakwepa maji: Ravi unanguruma chini ya mji mchana na usiku, na milimani kila kijiji kina chemchemi yake. Zamani, mtu alipofiwa, alisimamisha bamba la jiwe penye chemchemi, likachongwa miungu, wapanda farasi na maua, na maji yakatokezea kwenye jiwe hilo, ili kila anywaye pale amletee marehemu thawabu. Mengine yana umri wa karne nyingi. Tuliyaona ndani ya makumbusho. Mmoja wetu alisema angependa kukumbukwa hivyo kuliko kwa kaburi la marumaru: watu wakinywa.

Habari ya maji ya mji ni nzito zaidi. Inasimuliwa kwamba Sahil Varman, yule yule aliyejenga mji, alichimba mfereji kutoka kijito cha Sarota, lakini maji yalikataa kuingia. Akaambiwa kwamba lazima atolewe mtu wa nyumba yake, mke au mtoto. Malkia alikubali kwenda badala ya mwana wao. Akapanda mlimani, akazikwa hai, na maji yakatiririka. Mpaka leo lipo hekalu dogo kwa heshima yake, liitwalo Sui Mata, na ngazi ndefu za mawe zinazopanda mlimani. Kila mwaka, kati ya Machi na Aprili, hufanyika sikukuu yake, ambayo ni ya wanawake na watoto. Wanawake hupanda wakiimba sifa za malkia.

Tulizipanda ngazi hizo na mama mkwe wa mwenyeji wetu, ambaye wote tulimwita Mataji kama wakwe zake wanavyomwita. Ana umri mkubwa lakini alitutangulia. Pale juu tulibishana, tusifiche. Mwalimu alisema huu ni upendo wa mama, mwana wake asife. Fundi akasema upendo ni upendo, lakini ni nani aliyeleta chaguo la mke au mtoto? Tukakumbuka binti Yeftha katika Waamuzi sura ya 11, ambaye baba aliweka nadhiri na binti akailipa, na mabinti wa Israeli wakawa wanakwenda kila mwaka, siku nne, kumwomboleza. Hatukuwahi kuufikiria sana mstari ule wa mwisho wa sura. Pale juu tuliufikiria. Dada mwenyeji alimtafsiria Mataji ubishi wetu. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akafunga vizuri ushungi wake, akajibu kwa maneno machache: "Mfalme alikuwa na miguu pia." Halafu akaanza kushuka.

Minjar yenyewe huchukua wiki nzima na hufanyika Chaugan. Minjar ni lile ua la mhindi linalotokeza kileleni. Siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za hariri na za dhahabu, na watu hulibandika kifuani. Sisi nasi tulibandikwa. Husemwa kwamba sikukuu ilianza pale mfalme aliporudi mshindi mwaka 935, na wakulima wakampokea kwa masuke ya mpunga na mahindi. Hapo kwenye mahindi mwalimu wetu hakuweza kunyamaza, maana mahindi yalitoka Amerika na hayakufika Asia, wala Afrika, mpaka karne za baadaye sana. Huenda ni nafaka nyingine iliyowapokea. Hakuna aliyekasirika, mzee mmoja alisema hata ugali wetu basi ni mgeni. Kweli, ni mgeni.

Lililotufurahisha zaidi ni hili: kwa desturi ya karne nyingi, minjar inayopelekwa kwenye mahekalu ya Kihindu ili kufungua sikukuu hutengenezwa na familia ya Kiislamu ya mji huo. Na jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Andrea, lililokuwa la misheni ya Waskoti, liliwekwa na Raja Sham Singh, mfalme Mhindu, mwaka 1899, naye ndiye aliyelipia ujenzi mpaka likafunguliwa mwaka 1905. Tulisali humo Jumapili. Ni kanisa la mawe, dogo, na ibada haikuwa na watu wengi, lakini walituomba tuimbe kwa Kiswahili, tukaimba.

Siku ya mwisho msafara hushuka kutoka ikulu hadi ukingo wa Ravi, na minjar hutupwa mtoni pamoja na nazi, matunda, sarafu na kitambaa chekundu. Hadi miaka ya 1940 alisukumwa mtoni nyati wa kufugwa, akiwa hai. Akizama, mto umepokea. Akivuka ng'ambo, amekwenda na dhambi za mji. Siku hizi ni nazi. Tulikuwa tumesimama karibu na Mataji chini ya mwavuli mmoja, mvua ikinyesha. Nazi ilielea kidogo, ikagongana na jiwe, ikapotea.

Chakula tusikisahau, maana wasomaji watauliza. Chamba wanapika maharage mekundu yao kwa mtindi na kuyaita madra. Huchemsha maharage kwanza hadi yaive. Kisha hukaanga iliki, karafuu, mdalasini na manjano katika samli, humimina mtindi uliopigwa vizuri na kukoroga bila kuacha, ili usikatike, mpaka samli ianze kujitenga juu. Ndipo maharage huingia na kupikwa kwa moto mdogo. Kitunguu na kitunguu saumu havitiwi. Tulipika tuliporudi, na waume zetu waliomba kuongezewa. Katika karamu kubwa wapishi ni wanaume, na wageni huketi chini kwa safu, wakila juu ya sahani za majani. Tulikaa tukipakuliwa na wanaume kwa saa nzima bila mtu kutuita jikoni, na fundi akanong'ona kwamba kwa hili tu nauli imerudi.

Rumal kubwa hatukununua, mkoba haukutosha. Fundi alinunua kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka kwa mama jirani, akalipa bei iliyotajwa bila kuomba kupunguziwa, na juu yake akaomba afundishwe mshono. Walikaa dirishani jioni mbili bila lugha ya pamoja, wakizungumza kwa sindano.

Katika gari la kushuka Pathankot, penye kona zile zile, alitoa leso yake na uzi aliopewa akaanza jani moja. Kila alipomaliza mishono michache aligeuza. Mara ya kwanza fundo lilionekana, akafumua. Mara ya pili uzi ulilegea, akafumua tena. Tulipofika kituo cha treni jani lilikuwa limefika nusu, na mwalimu, ambaye safari hii hakula kitu, alilitazama mbele na nyuma akauliza upande wa juu ni upi.